Mita Mbili na Nusu za Batiki

Jumatatu, 11 Novemba 1996

Leo nimepangwa zamu moja na mwanamke anayevaa pazia.

Neno ni la Peris, lakini nililicheka, kwa hiyo sasa ni langu pia. Peris ni Mkenya wa Kisii ninayeishi naye hapa Brooklyn Park. Ndiye aliyeniingiza kwenye kazi ya nyumba ya wazee kule Maplewood, na gari ni lake. Kucheka anachokicheka ndiyo nauli yangu.

Mwanamke mwenyewe anaitwa Murtini. Ni Mjava, Mwindonesia, umri wa kama miaka hamsini na mitatu. Juu anavaa blauzi ya sare kama sisi. Chini, badala ya suruali, amejifunga batiki ya kahawia iliyombana kutoka kiunoni hadi vifundoni, na mbele ina marinda membamba, kila rinda upana wa vidole viwili, yamenyooka kana kwamba yamepigwa pasi akiwa ndani yake. Halafu raba nyeupe za kazi. Anatembea kama kuku aliyefungwa miguu sokoni.

"Yuko hivyo kila siku?" nilimwuliza Peris tukirudi.

"Every day, mama. Ati ana-promote culture ya kwao."

"Kwa wazee wasiokumbuka hata majina yao?"

"Si ndiyo poa? Kesho wamesahau, anaanza upya."

Alhamisi, 14 Novemba

Theluji. Nimeosha migongo kumi na mmoja. Sina la kuandika.

Jumamosi, 16 Novemba

Kuna mzee chumba namba kumi na nne, Alfred, miaka themanini na minane. Maisha yake yote alikuwa fundi wa kuvisha makochi vitambaa huko Saint Paul. Binti yake akija, mzee anamwita "bibie" kwa heshima, kama mgeni. Lakini Murtini akiingia asubuhi, mzee ananyoosha mkono, anashika ukingo wa ile nguo kwa kidole gumba na cha shahada, anausugua polepole, anauliza, "Na hii ni ya wapi?"

Naye anachuchumaa, na kuchuchumaa ndani ya nguo ile si kazi ndogo, anamweleza. Hii ni ya Solo, nta imechorwa kwa mkono. Hii haikuchorwa, imefumwa, ya visiwa vya mashariki. Uzi umetiwa rangi kabla ya kufumwa. Mzee anatikisa kichwa kama mnunuzi asiyedanganyika.

Dakika nne. Nimezihesabu. Katika dakika hizo nne mimi nimebadilisha vitanda viwili.

Joan, muuguzi mkuu wetu, amempiga picha Murtini na kuibandika ukutani karibu na ukumbi wa chakula. Chini ameandika kwamba nyumba yetu inasherehekea tamaduni zote. Sijui yangu inasherehekewa ukuta gani.

Jumapili, 24 Novemba

Nataka niandike kwa nini namchukia, maana chuki isiyo na sababu ni uvivu wa akili, nami sikusomeshwa chuo kikuu cha Mlimani miaka minne niwe mvivu wa akili.

Nilipokuwa darasa la tano, shule yetu ya Songea ilichaguliwa kumpokea mgeni wa serikali uwanja wa ndege. Tulivalishwa sketi za majani na vibwebwe ambavyo mama zetu hawajawahi kuvivaa, wala bibi zetu, wala mtu yeyote tuliyemfahamu. Ndege ilichelewa saa sita. Tulicheza kila tuliposikia mlio. Mgeni alipofika alipunga mkono mara moja, akaingia garini. Mwalimu alitwambia, "Utamaduni wetu umemfurahisha." Majani yalikuwa yamenichana mapaja.

Tangu siku hiyo mtu akiniambia anautangaza utamaduni wake naona yale majani.

Jumatano, 27 Novemba

Nilimwambia. Tulikuwa chumba cha chai, mimi, Murtini na Peris.

"Unawachezea ngoma," nilisema. "Wanakuangalia kama ndege wa kwenye tundu, na wewe unafurahi."

Aliweka kikombe chini. Huwa ananiita *dik*, neno la kwao la kumwita mdogo wako. Sikumpa ruhusa.

"Dik Imaculata, kwenu hakuna nguo?"

"Zipo. Nina kanga sita kwenye sanduku."

"Unazivaa lini?"

"Nyumbani. Nikitoka kuoga, nikipika."

"Kwa nini si hapa?"

"Kwa sababu siyo maonyesho."

"Basi zivae hapa na usionyeshe."

Peris alicheka hadi akamwaga chai. "Wee Ima, umepigwa!" Alinicheka mimi, si yeye. Njia nzima ya kurudi nilijifanya nimelala.

Jumanne, 3 Desemba

Gari limegoma. Peris amelitukana kwa Kikisii, likawaka.

Jumatatu, 9 Desemba

Bibi wa chumba namba tisa alibonyeza kengele yake. Aliyekuwa karibu ni Murtini. Nilimwona akija mwishoni mwa korido na vile vihatua vyake, tiki, tiki, tiki, kama saa ya ukutani. Alipofika, bibi alikuwa ameshajikojolea, analia kwa aibu. Tulimsafisha pamoja. Nikamwambia bila kuinua macho:

"Hiyo miguu yako ni utamaduni. Mgongo wangu je, ni nini?"

Aliendelea kumpangusa yule bibi. Masikio yake yalikuwa mekundu, na nilifurahi, na sasa hivi ninapoandika furaha bado ipo. Naiandika ili nisije nikajidanganya baadaye.

Ijumaa, 20 Desemba

Bila kuulizwa, Murtini ameniambia kwamba vitenge vyetu ni watoto wa batiki za kwao. Anasema Waholanzi waliziiga kwa mashine, watu wa Java wakazikataa, ndipo zikapelekwa kuuzwa Afrika. Alisema kwa upole kabisa, akikunja taulo.

Nilipanda basi hadi maktaba kuthibitisha kwamba ni mwongo.

Si mwongo.

Jumatano, 25 Desemba

Kanisani kwa akina Peris. Wanawake wote wamevaa vitenge, Peris amejifunga na kilemba juu. Nilimwuliza kama leo yeye ni pazia au kitambaa cha meza.

"Wachana na mimi. Hii ni church, hiyo ingine ni job."

Mimi nilivaa gauni jeusi. Mama mmoja aliniuliza kama nimefiwa.

Alhamisi, 16 Januari 1997

Dhoruba ya theluji tangu jana. Wafanyakazi tisa wamepiga simu kwamba hawawezi kutoka. Peris na mimi tulifika tumechelewa saa moja na nusu, tukiteleza kama sabuni.

Murtini alikuwa ameshafika. Anakaa mtaa wa Phillips, hana gari, anabadilisha basi mara mbili, na la mwisho halikuja, kwa hiyo maili ya mwisho alitembea. Chini ya koti lake ukingo wa batiki ulikuwa umeganda, umekuwa mgumu kama kadibodi, unagonga kwenye raba zake akipita. Alisimama mbele ya kipasha joto hadi ulipolainika, kisha akaanza vyumba.

Nilimwuliza kwa nini asivae suruali siku moja tu kama hii.

"Miaka sita nilimvalia mume wangu suruali," alisema. "Alipenda nifanane na dada zake. Halafu aliondoka, akaniacha na suruali." Alijifuta pua. "Kwetu siku hizi vijana wanavaa batiki harusini na wakipigwa picha. Nguo ikibaki ya siku njema tu, watu wataisahau kwa sababu siku njema ni chache. Lazima ione siku mbaya pia."

Nilichukia kwamba ni sentensi nzuri.

Jumatano, 22 Januari

Nimeosha mikono mara nyingi. Nitaandika kwa mpangilio.

Saa tano na nusu asubuhi, bibi wa chumba namba tisa alimtapikia Murtini. Alilowa kuanzia kifuani hadi magotini. Alikwenda chumba cha kubadilishia, nami nikamfuata kuchukua glavu. Nilimkuta amesimama na soksi ndefu na sketi nyeupe ya ndani, ameshika batiki safi aliyoiweka kabatini kwa dharura. Ila mshipi wake ulikuwa umelowa matapishi. Ni mshipi mrefu wa mita nyingi, wanajizungushia kiunoni tabaka juu ya tabaka, ndio unaoishikilia nguo. Na kujifunga kwenyewe, na kupanga marinda, kunachukua karibu nusu saa.

Kengele tatu zilikuwa zinalia. Chakula kinaanza saa sita.

"Bila mshipi siwezi," alisema.

"Kwetu hatuhitaji mshipi," nilisema. "Simama."

Alinitazama. Nafikiri alidhani nimeanza kuwa mwema. Akainua mikono.

Nilimfunga kama kanga. Nimefunga kanga tangu nikiwa na miaka saba, naweza kuifunga gizani nikiwa nimebeba mtoto. Lakini kanga ni mita moja na nusu hivi, na ile ilikuwa mita mbili na nusu, tena nzito, tena laini kwa kufuliwa. Nilipomaliza mzunguko na kukaza pembe, kilibaki kipande kirefu kama mkono mzima. Nilikikunja, nikakichomeka kiunoni kwa nyuma, upande wa kulia. Nikakivuta kidogo kwa kidole kupima.

Kililegea.

Nilikiona kikilegea. Nikakirudisha vilevile.

Niandike na hili. Nilipokirudisha niliona picha kichwani: ukumbi wa chakula umejaa, Murtini anapita chini ya ile picha yake ukutani, na kile kipande kinachomoka na kumfuata sakafuni kama mkia. Wazee wanacheka. Peris anacheka. Yeye anageuka kujitazama. Basi. Katika picha yangu hapakuwa na kiti cha magurudumu.

"Itakaa?" aliuliza.

"Itakaa."

Alipiga hatua moja, ya pili, ya tatu. Hatua ndefu. Sijawahi kumwona akipiga hatua ndefu. Alicheka kwa sauti, akaziba mdomo. "Dik! Naweza kukimbia!"

Na alikimbia. Alijibu kengele mbili kabla yangu. Kisha akaenda kumchukua mzee Alfred.

Kabla ya ukumbi wa chakula pana mteremko mfupi. Mimi nilikuwa chini, Peris alikuwa mlangoni na toroli la trei. Murtini alikuwa anasukuma kiti akizungumza na mzee kwa juu ya bega lake. Niliona kipande kimeshatoka. Kilikuwa kinapeperuka kando ya gurudumu la kulia. Nilikuwa na muda. Si mwingi, lakini wa kusema neno moja ulikuwepo, "Simama," neno lilelile nililomwambia mwanzoni. Sikulisema. Nilikuwa bado naisubiri picha yangu.

Nguo iliingia kwenye spoki. Kiti kilikwama upande mmoja, kikageuka, mzee akatoka mbele kama gunia linalotupwa kutoka kwenye lori.

Peris alicheka kwanza. Nilimsikia. Halafu akapiga kelele.

Murtini alikuwa amepiga magoti, nguo yote imevuliwa na gurudumu, amebaki na sketi yake ya ndani mbele ya wazee arobaini. Hakujifunika. Mkono mmoja ulikuwa chini ya kichwa cha mzee, na mwingine umemshika bega asijigeuze. Mzee alikuwa anasema "samahani, samahani," kama yeye ndiye aliyeharibu.

Joan alikuja, akaikata batiki kwenye gurudumu kwa mkasi wa bandeji.

Nyonga imevunjika. Wamempeleka hospitali.

Murtini aliniangalia mara moja tu, wakati wanamwinua mzee. Hakuniangalia kwa hasira. Alikuwa kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu alichoambiwa.

Alhamisi, 23 Januari

Joan alituita mmoja mmoja. Kuna fomu. Swali la nne: uliona nini kabla ya tukio?

Niliandika: "Nilikuwa nimegeukia upande wa pili. Sikuona chanzo."

Nikaweka sahihi. Mwandiko wangu ni mzuri sana, kila mtu huusifia.

Ile picha ukutani imeondolewa. Zimebaki alama nne za gundi.

Jumatatu, 27 Januari

Murtini amesimamishwa kazi. Jimbo linatuma mchunguzi, na Peris amenieleza maana yake tukiwa barabarani.

"Wakisema ni neglect, jina lake linaingia kwa rejista ya jimbo. Hakuna nyumba ya wazee itamwandika. Hakuna hospitali. Hata kuosha vyombo. Ameisha, hiyo ndiyo story."

"Kwa muda gani?"

"Kwani kuna muda? Milele, baba na mwana." Aliwasha redio. "Si tulimwambia? Hiyo kitambaa ingeua mtu siku moja."

Hatukumwambia. Tulicheka tu.

Alhamisi, 30 Januari

Nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Nimefanya zamu mbili mfululizo, yangu na yake.

Jumapili, 2 Februari

Mwili wangu unatembea haraka koridoni na unachukia kutembea haraka.

Jumatano, 5 Februari

Nilimkuta Joan ofisini kwake. Sikwenda kuungama, nilikwenda kuuliza. Nilisema, mchunguzi amemhoji Murtini?

"Ndiyo," alisema. "Na amesaidia sana, kwa kweli. Amekiri alijifunga mwenyewe, kwa haraka, vibaya."

"Alisema mwenyewe?"

"Kwa maneno yake. Imaculata, unajisikia vizuri?"

Nilirudi kwenye vitanda. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, na yote ilikuwa juu yake. Nani alimwomba? Nani alimtuma kunibebea? Kama ana utakatifu wa kugawa, awagawie wanaoutaka. Amenifanya mdeni bila kuniuliza, na hata hayupo hapa nimtukane.

Jumatano, 12 Februari

Mzee Alfred amerudishwa. Hawezi kukaa. Nilimlisha uji kwa kijiko kidogo. Anashika ukingo wa shuka kwa vidole viwili, anausugua, anasubiri. Nilijaribu kumwambia, "Hili ni shuka la hospitali, mzee, la pamba na nailoni." Akaniachia shuka, akafumba macho.

Ijumaa, 14 Februari

Nilimwambia Joan kila kitu. Nilifunga mlango, nikasimama, nikasema: nilimfunga mimi, niliona haitakaa, nikamwambia itakaa.

Halafu alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alisogeza kalamu zake tatu zilingane.

"Jalada liko kwa mchunguzi," alisema. "Kila mmoja ameshatoa maelezo. Na wewe umetoa yako, yenye sahihi."

"Ni ya uongo."

"Ulikuwa umeshtuka. Ni kawaida. Sikiliza, wewe ni mfanyakazi mzuri. Una haraka, huna maneno mengi. Murtini alichagua kuvaa alichovaa."

"Wewe ulimruhusu. Ulimpiga picha."

Hapo uso wake ulifungwa kama duka. Nikajua kwamba si Murtini tu, hata nguo yake inafaa kuwa na kosa ili wengine walale. Nguo ikiwa na kosa, Joan hana kosa, nyumba haina kosa, mimi sina kosa. Nguo haina mtu wa kuitetea isipokuwa mmoja, naye ameshajinyamazisha.

Jumamosi, 15 Februari

Nilimwambia Peris kwamba nitamwandikia mchunguzi mwenyewe. Alikuwa anasonga ugali. Hakuacha kusonga.

"Wee ni mjinga ama unajifanya?"

"Naandika leo."

"Ima, sikiza. Huyo mama ashamaliza story. Ashasema ni yeye. Wewe unaenda kujitundika kwa nini? Watasema Waafrika ni waongo. Mimi ndiye nilikuleta hapo, ni jina langu pia!"

"Wewe ulicheka, Peris."

Mwiko ulisimama.

"Nini?"

"Mzee alipoanguka. Ulicheka kwanza."

Alizima jiko. Alipakua ugali wake peke yake, akaingia chumbani. Akiwa mlangoni alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka ambacho sijawahi kumsikia akikitumia, "Kuanzia kesho tafuta namna yako ya kufika kazini."

Niliandika kurasa mbili. Niliandika urefu wa kanga na urefu wa batiki. Niliandika kwamba nguo ile ikifungwa wanavyoifunga wenyewe, kwa mshipi, haiachii hata mtu akitembea maili moja kwenye theluji, na kwamba nililishuhudia hilo. Niliandika kwamba nilitaka ianguke. Sentensi hiyo niliifuta mara mbili. Mara ya tatu niliiacha.

Jumanne, 18 Februari

Mabasi matatu, saa mbili na dakika arobaini kutoka Brooklyn Park hadi Maplewood. Nimepeleka barua posta njiani.

Jumatatu, 24 Februari

Mchunguzi alikuja. Mwanamke mwembamba, mafua, hana haraka. Aliniambia nimwonyeshe. Nilichukua shuka la kitanda kikubwa, nikalikunja lifikie upana na urefu ule, nikamfunga yeye mwenyewe juu ya suruali yake, kama nilivyomfunga Murtini. Nikamwambia atembee. Alifika dirishani, kipande kikaanguka. Akakitazama sakafuni, akapenga kamasi, akaandika.

"Uliliona hili siku ile, kabla hajatoka chumbani?"

"Ndiyo."

"Na ulinyamaza."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Imeandikwa kwenye barua."

"Nimeisoma. Nataka kusikia."

"Nilitaka achekwe."

Aliandika na hilo. Aliniambia kumfunga mtu nguo si kumtelekeza mgonjwa kwa mujibu wa sheria yao. Maelezo ya uongo ni shauri langu na mwajiri wangu.

Ijumaa, 28 Februari

Uamuzi umefika. Kwa Murtini ni ajali, uzembe haukuthibitika, jina lake haliingii popote. Anarudi kazini kesho kwa sharti la kuvaa suruali ya sare. Kuanzia sasa nguo nyingine yoyote kutoka kiunoni kwenda chini imepigwa marufuku kwa wafanyakazi wote, na tangazo limebandikwa palepale ilipokuwa picha.

Mimi nimefukuzwa. Joan alinipa mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto, wangu wa baridi.

Jumamosi, 1 Machi

Nilikwenda Phillips. Nilitaka kumwambia kwa mdomo wangu. Ghorofa ya tatu, harufu ya vitunguu vya kila taifa kwenye ngazi. Alifungua mlango akiwa amevaa suruali ya sare, ya bluu, mpya, ina mikunjo ya kutoka kwenye pakiti. Zamu yake inaanza saa tisa.

Sikumtambua, nusu sekunde. Alikuwa mfupi.

"Nimekuja kuomba radhi," nilisema.

"Najua."

Hakuniambia niingie. Nikaongea pale mlangoni, haraka, vibaya, Kiingereza changu chote kikanikimbia. Nilipomaliza nikamwuliza kwa nini aliwaambia alijifunga mwenyewe.

"Ulifikiri nakulinda?"

Nikatazama ile mikunjo ya suruali yake.

"Sikukulinda wewe. Kila siku nasema, hii ni nguo ya kila siku, inawezekana kufanya kazi nayo, kuishi nayo. Halafu siku moja nina haraka, nainua mikono juu, namwachia mtu anayeidharau anifunge anavyojua. Hilo niliona haya kulisema." Alivuta suruali kiunoni kama inamwasha. "Ningenyamaza nalo. Wewe umeliandika, kurasa mbili, limesomwa. Sasa kazi ninayo. Na suruali hii ninayo."

"Ningefanya nini?"

"Usiniulize mimi."

Nikageuka kuondoka. Nilikuwa nimeshashuka ngazi nne aliposema, "Rudi."

Alinisimamisha katikati ya sebule. Hakuna kiti alichonipa, hakuna maji. Alitoa batiki ya kijivu na nyeusi kwenye rafu, na mshipi mweusi, akaniambia nivue suruali. Nikavua. Kwanza alikaa sakafuni na kupanga marinda, moja, moja, akiyakandamiza kwa kucha. Kisha akanifunga. Alinizungushia mshipi akiuvuta kwa goti lake nyuma ya kiuno changu, kama mtu anayefunga mzigo kwenye baiskeli, na kila mzunguko pumzi yangu ilipungua. Hakusema neno la upole. Nilipoyumba alinipiga nyongani kwa kiganja nisimame wima. Nusu saa nzima, kwa saa ya ukutani.

Alipomaliza aliikunja suruali yangu, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akafunga fundo.

"Sasa nenda kwenu."

"Hivi?"

"Hivi. Kwa basi. Watu watakuuliza. Wengine hawatauliza, watakuangalia tu. Kesho utavaa tena, na keshokutwa, mpaka ujue kuifunga usiku wa manane bila kioo. Halafu uniletee nguo yangu. Mimi siruhusiwi kazini. Wewe huna kazi, nafasi unayo."

"Bu Murtini," nilisema. Ndivyo wanavyomwita mama kwa heshima huko kwao. Nilikuwa nalijua neno hilo karibu miezi minne bila kulitumia.

"Usiniite hivyo," alisema, akafungua mlango.

Ngazi za ghorofa tatu nilizishuka nimeshika ukuta. Nje theluji ilikuwa inayeyuka, maji meusi kando ya barabara, watu wamejaa kwenye mwanga wa jua baada ya miezi mingi. Wanaume wawili mbele ya duka la pombe waliacha kuongea. Mmoja akapiga mluzi, mwingine akasema kitu na wote wakacheka, na nilikuwa sina namna ya kuwapita haraka. Hatua fupi zina urefu wake, na mtu lazima aimalize njia yote ndani ya macho ya watu.

Basi lilikuwa kituoni. Nilijaribu kukimbia. Nguo haikuniruhusu hata hatua moja ndefu kuliko kawaida yake. Dereva aliniona kwenye kioo, nina hakika aliniona, akafunga mlango na kuondoka.

Nilisimama dakika thelathini na tano. Mshipi ulikuwa unanikata mbavu. Ningeweza kuingiza mkono chini ya koti nikaulegeza mzunguko mmoja, mwanamke mmoja tu alikuwa kituoni naye anasoma gazeti. Niliuweka mkono pale. Mshipi ulikuwa umefungwa vizuri sana. Nikautoa mkono.

Mwanamke alikunja gazeti akanitazama kuanzia kwenye viatu kwenda juu, bila haya, kama mtu anayetazama nyumba inayouzwa.

"Hiyo inaitwaje?" aliuliza.

Nikamwambia.

"Na wewe unatoka huko?"

"Hapana," nilisema. "Natoka Tanzania."

"Sasa kwa nini umeivaa?"

Nikaanza kumweleza, tangu mwanzo, na mita zake zote. Alinisikiliza hadi kwenye mteremko, hadi kwenye gurudumu, halafu akasogea mwisho wa benchi na kuufungua tena ukurasa wake. Basi lilipofika alipanda kwanza. Ngazi za basi ni ndefu. Nilipanda kwa ubavu, mguu mmoja, kisha mwingine, dereva akinisubiri kwa hasira.